Chungu cha Jikoni na Joho la Kwaya

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika mafungo ya siku moja ya kujiandaa kwa Jubilei ya miaka 50. Inachapishwa kama ilivyosemwa, kwa ombi la kamati.

 

 Nimepewa dakika thelathini. Mwenyekiti amenionya kwamba chakula kitakuwa tayari saa saba kamili, nanyi mnanijua mimi ni mwalimu: kengele ikilia, ninafunga daftari.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya kufanywa upya kiroho. Nilipoanza kutayarisha nilifanya lile ninalowaambia watoto darasani wafanye, nikarudi kwenye neno lenyewe. Tangu mwezi wa kwanza tumesema Jubilei, Jubilei. Tumeshona sare mpya, tumekodi hema, tumeagiza keki, tumebishana juu ya spika hadi saa tatu usiku. Sasa tuulize, yubile katika Biblia ni nini? Fungueni pamoja nami Walawi sura ya 25. Akina mama mlioacha miwani nyumbani, jirani atawasomea.

Nakiri nilitarajia kukuta uimbaji humo. Nilikuta baragumu, basi. Baragumu inapigwa, halafu sura yote inayofuata ni mambo ya shamba. Aliyeuza shamba kwa sababu ya shida anarudi kwake. Ndugu aliyefilisika hadi akajiuza kuwa mtumishi anaachiliwa, yeye na watoto wake. Hata bei ya ardhi imepangwa: unahesabu miaka iliyobaki hadi yubile, kwa maana unachouza ni idadi ya mavuno, na ardhi yenyewe ni ya Bwana. Ninyi mnaokodisha vipande vya shamba mnaelewa hesabu hiyo kuliko mimi.

Lakini tazameni baragumu hiyo ilipigwa siku gani. Aya ya 9 inasema ni siku ya kumi ya mwezi wa saba, Siku ya Upatanisho. Hiyo ndiyo siku moja katika mwaka mzima ambapo kuhani mkuu aliingia nyuma ya pazia, patakatifu pa patakatifu, na damu. Hakuna siku nzito kuliko hiyo katika kalenda ya Israeli. Na siku hiyo hiyo sauti inatoka hekaluni, inavuka ukuta, inafika kijijini kwa mtu aliyeinama na jembe katika shamba la mwingine, inamwambia, inuka, nenda nyumbani kwako. Kile kilichofanyika nyuma ya pazia kilipaswa kuonekana kwenye mpaka wa shamba na katika kitabu cha madeni.

Nabii Zekaria analipeleka neno hili jikoni. Katika sura yake ya mwisho, aya mbili za mwisho kabisa, anaona siku ambayo njuga za farasi zitaandikwa maneno kwamba ni takatifu kwa Bwana. Mnakumbuka maneno hayo yaliandikwa wapi kwanza? Kutoka 28: kwenye bamba la dhahabu katika kilemba cha kuhani mkuu. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuyavaa. Sasa Zekaria anayaona kwenye shingo za farasi barabarani. Kisha anasema sufuria za nyumba ya Bwana zitakuwa kama mabakuli ya mbele ya madhabahu, na vyungu vyote vya Yerusalemu na Yuda vitakuwa vitakatifu, vyungu vya nyumbani kabisa, vile vyenye masizi. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya aya hizo, na nimekaa katika kanisa hili tangu shule ya Jumapili. Labda ni kwa sababu ziko mwisho wa kitabu, na ibada huwa imechelewa.

Basi mtu akiniuliza kufanywa upya kiroho kunaonekanaje, nitamjibu kwa vyungu hivyo. Roho akimgusa mtu, utakatifu unamfuata hadi nyumbani kwake.

Na sisi wa kanisa hili hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wazee wetu waliitwa ndugu, watu wa Uamsho. Vijana tunawajua zaidi kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao Kenya yote inauimba, hata mtu asiyejua neno lingine lolote la Kiganda. Ukiimbwa, wazee wanakumbatiana na sisi wa sauti ya kwanza tunapandisha ufunguo bila ruhusa ya mwalimu. Lakini tunajua kidogo juu ya jinsi moto ule ulivyoanza, na ulianzia kazini, hospitalini.

Mahali panapotajwa ni Gahini, mashariki mwa Rwanda, palipokuwa na hospitali ya misheni. Daktari Joe Church, Mwingereza, alifika hapo mwaka 1928, na njaa kubwa ikaipiga nchi. Mwaka 1929 alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Huko kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wakaketi na Biblia, wakatafuta yote inayosema juu ya Roho Mtakatifu, wakaomba. Daktari wa kizungu na Mwafrika, wakitubu pamoja kama watu walio sawa. Mwaka 1929! Wazee mliokumbuka ukoloni mnajua jambo hilo lilikuwa na uzito gani.

Ila mimi ninayempenda katika habari hii ni mwingine, Yosiya Kinuka. Yeye alikuwa kiongozi wa wasaidizi pale hospitalini Gahini, na hospitali ilikuwa na manung'uniko. Akasafiri kwenda Kampala kumwona Nsibambi, akaanza kumweleza yaliyo mabaya kule kazini. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba taabu ya hospitali imo ndani ya moyo wake yeye Yosiya. Hakufurahi. Nani angefurahi, baada ya safari ndefu vile? Lakini neno hilo lilipanda naye njia yote ya kurudi, na kabla hajafika nyumbani alikuwa amejitoa kwa Kristo. Watu wakaona badiliko lake pale pale kazini, kwa wagonjwa na kwa wenzake.

Mwaka 1937 timu kutoka kule ilifika Kabete, karibu na Nairobi, na Kenya nayo ikawaka. Ukisikiliza ushuhuda wa ndugu wa siku zile utaona umejaa vitu vidogo vidogo. Mtu ameokoka usiku, asubuhi anabeba vyombo alivyochukua jikoni kwa tajiri wake, anavirudisha. Mwingine anarudisha pesa. Mwingine anamwambia jirani, ule mpaka niliusogeza mimi. Sehemu za Uganda ambako desturi iliwakataza wanawake kula kuku na mayai, waliookoka walikaa mezani pamoja, mume na mke, wakala kuku. Wengine walicheka na wengine walikasirika, lakini fikirini, wokovu umefika hadi kwenye sahani! Watu hao hao, ilipofika miaka ya 1950, walikataa kiapo cha msituni, na wakakataa pia bunduki ya serikali. Baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Nadhani mtu aliyezoea kurudisha kijiko alikuwa amepata mazoezi.

Sisemi walikuwa malaika. Baadaye baadhi ya ndugu waligawanyika kwa ajili ya mavazi na madeni, nani ameamka kuliko nani. Kanuni zina tabia ya kuota pale moto ulipowaka. Tutarudi hapo.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye kabla ya kuwa askofu alikuwa mwalimu wa shule kama mimi, na alifundisha miaka kadhaa Dodoma, alikuwa akisimulia kisa chake mwenyewe. Alikuwa amemkosea mkewe, na muda wa kwenda kuhubiri umefika. Roho akamwambia moyoni, rudi ukaombe na mke wako. Akajibu kwamba mkutano uko karibu kuanza, atafanya hivyo akirudi. Roho akamwambia, vema, wewe nenda ukahubiri, mimi nitabaki na mkeo. Kivengere alirudi nyumbani. Alipenda kusimulia hayo mbele za watu wengi, naye askofu, na sidhani ilikuwa rahisi.

Wapendwa, mimi kisa hicho hunifuata kila Alhamisi ninapotoka nyumbani kuja mazoezini. Roho anaweza kubaki nyumbani, nasi tukaja hapa na vitabu vyetu vya nyimbo.

Sasa tuje kwetu. Kwaya hii ina watu wa kazi. Tunao mafundi wawili katika besi, na mmoja alinielimisha juzi juu ya konkriti. Slabu inataka saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne. Ukipunguza saruji, siku ile hakuna atakayejua. Plasta inafunika, rangi inafunika, mwenye nyumba anakupa mkono na soda. Nikamuuliza, sasa nani anajua? Akasema, mimi, na nyumba. Ningependa afundishe katekisimu.

Tunao akina mama wa sokoni. Mnajua gorogoro iliyobonyezwa kitako, ile inayoonekana imejaa maharagwe na kumbe chini kuna kilima. Walawi 19 inasema juu ya vipimo vya haki katika sura ile ile inayotuambia tuwe watakatifu. Mama mmoja wetu alinyoosha gorogoro yake kwa nyundo miaka kadhaa iliyopita, baada ya semina iliyofanyika hapa hapa. Wenzake sokoni wakamwambia anawaharibia biashara. Hajatoa ushuhuda huo kanisani, ameniambia tu tukichambua mboga. Mimi nauhesabu kuwa miongoni mwa matunda makubwa ya semina ile, kuliko CD tuliyorekodi.

Nami nina madaftari. Darasa langu lina watoto wengi, na hakuna mkaguzi atakayejua kama nimesoma insha ya mtoto wa nyuma au nimepiga tiki na kupita. Paulo aliwaandikia watumwa katika Wakolosai 3, watu ambao kazi yao haikuwa na sifa wala mshahara, akawaambia wanamtumikia Bwana Kristo. Kwa watumwa! Hakuwaambia wangoje hadi wapate nafasi ya kuhubiri. Na Bwana mwenyewe, baada ya kufufuka, akiwa na mwili wa utukufu, Yohana 21 inatuonyesha amewasha moto wa makaa ufukweni, samaki juu yake, na mkate. Wanafunzi wamekesha bila kupata kitu. Angeweza kuwatokea kwa radi. Aliwapikia.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuzungumza leo. Naomba mnivumilie, na nimepata ruhusa ya mhusika kulisema bila jina.

Katiba yetu, kifungu cha 9, inasema mwanakwaya asiyefika mazoezini analipa shilingi 50, isipokuwa awe mgonjwa yeye mwenyewe, au amefiwa, au ametumwa na kanisa. Akikosa mara sita mfululizo, havai sare katika sikukuu mpaka alipe na arudi mazoezini mwezi mzima. Kifungu hiki kiliwekwa kwa sababu nzuri. Wakubwa mnakumbuka miaka ambayo tulikuwa watu tisa mazoezini na arobaini Jumapili ya Krismasi. Faini iliokoa kwaya, hilo ni kweli, na mimi binafsi ni mtu wa rejista, naipenda rejista yangu na mistari yake myekundu.

Sasa tunaye dada wa sauti ya pili. Amekuwa nasi miaka 19. Mwaka jana mwezi wa tisa mama yake alipatwa na kiharusi, na tangu hapo amelala. Upande wa kulia haufanyi kazi. Mgonjwa kama huyo lazima ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo anapata vidonda. Hawezi kumeza haraka, kwa hiyo analishwa uji mzito akiwa ameketishwa wima, kijiko kwa kijiko, na mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Dada huyu anauza nguo za mtumba asubuhi huku binti wa jirani akimshikia zamu, kisha anarudi. Saa kumi na moja unusu Alhamisi, sisi tukifungua kwa sala, yeye anabadilisha shuka.

Katika rejista yangu ana mikwaju kumi na minne. Shilingi 700. Kwa mujibu wa kifungu cha 9 hatavaa sare siku ya Jubilei. Aliambiwa hivyo na mmoja wetu, kwa upole kabisa. Wiki iliyofuata joho lake lililetwa kwangu, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa katika mfuko wa karatasi. Hakukuwa na barua.

Nilikwenda kumwona. Mama yake hasemi tena. Maneno yamekwisha, anatoa sauti tu. Lakini dada yetu akamwanzishia wimbo, na yule mama akauimba. Maneno kamili, beti mbili. Mimi nilidhani ni muujiza. Muuguzi anayepita hapo akanieleza kwamba hutokea hivyo kwa baadhi ya waliopatwa na kiharusi, kwamba usemi unaweza kupotea na uimbaji ukabaki. Basi kila siku wanapogeuzana na kuoshana wanaimba, sauti ya kwanza na ya pili. Mama yule aliimba sauti ya kwanza. Nasema hivyo kwa sababu nilirudi nikafungua rejista ya kwanza ya kwaya hii, ile yenye jalada la bluu, na jina lake liko ukurasa wa kwanza, kwa penseli, miongoni mwa wale kumi na wawili walioanza.

Someni Marko 7, aya ya 9 hadi ya 13. Kulikuwa na kanuni ya kidini, Korbani. Mtu angeweza kusema mali ambayo ingewasaidia wazazi wake imekuwa wakfu kwa Mungu, basi akafunguliwa wajibu wa kuwasaidia. Ilikuwa kanuni ya watu waliompenda Mungu, watu wa sadaka na hekalu. Bwana Yesu aliwaambia kwamba kwa kanuni yao wamelitangua neno la Mungu. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi nikiwafikiria Mafarisayo. Safari hii nimeisoma nikiwa na kifungu cha 9 kando yake.

Tunamwambia dada huyu kwamba muda wake ni wa Mungu akiwa hapa, na akiwa na mama yake ni wake mwenyewe, tena anautolea faini. Zekaria angeuliza, beseni lile la kumwoshea mama limeandikwa nini?

Najua swali lililo midomoni mwa mwalimu wetu wa kwaya, maana tumelijadili naye, na ni swali la haki. Ikiwa jikoni ni patakatifu, si kila mtu atabaki jikoni? Alhamisi nitapata watu tisa tena, kila mmoja ana chungu. Mwalimu, nakusikia. Watu wa Uamsho waliorudisha vikombe hawakuacha kukutana. Walikutana kila wiki, mvua au jua, na walitembea kwa miguu kutoka wilaya hadi wilaya. Wale wawili wa Emau walimtambua Bwana mezani, mkate ukimegwa, na Luka anasema saa ile ile waliondoka wakarudi Yerusalemu kwa wenzao, usiku, njia ile ile ndefu. Anayemwona Bwana nyumbani anatamani kuwaimbia wengine. Dada yetu angetamani. Aliniuliza kama bado tunashika ile nota ya juu ya wimbo wa kuingilia au tumeishusha. (Tumeishusha.) Na mvivu tutaendelea kumtoza, kwa furaha. Fundi anayesema ana kazi na tunamwona kwenye mpira, huyo nina kalamu yake.

Kwa hiyo naleta ombi kwenu, na mwenyekiti ameniruhusu kulileta mbele ya wote kabla ya kamati. Mwaka wa yubile hesabu zilifungwa kwa njia ya pekee. Naomba mikwaju ile kumi na minne ifutwe, isiandikwe kwamba imesamehewa. Kusamehe ni kwa kosa. Naomba kifungu cha 9 kiongezewe maneno: anayemuuguza mgonjwa nyumbani amehudhuria. Katika rejista nitaweka alama ya P, kama wengine, Present ya shuleni. Na naomba siku ya Jubilei, wakati majina ya waasisi yatakaposomwa na waliopo watasimama, tusiseme juu ya yule mama kwamba hayupo.

Kuna wengine pia. Nimepitia rejista mstari kwa mstari. Kuna kijana wa bodaboda katika sauti ya tatu aliyekosa Alhamisi tano kwa sababu alikuwa akimpeleka mtoto wa jirani kusafishwa damu hospitalini, bila kulipwa, nasi hatukujua. Kuna mlinzi wa usiku anayekuja mazoezini akiwa amelala saa mbili tu, naye ana P zote, na nani amewahi kumuuliza habari? Rejista yangu haikuwa na nafasi ya hayo. Nimechora safu mpya pembeni. Bado sijui niiite nini.

Amosi sura ya 5 ndiyo sura ninayoiogopa nikiwa mwanakwaya. Mungu anawaambia watu waondoe kelele za nyimbo zao, hataki kusikia vinanda vyao, mpaka haki itiririke kama maji. Walikuwa na kwaya nzuri, bila shaka. Sisi tumefanya mazoezi ya nyimbo sita kwa Jubilei, na ya nne, mwalimu atakubali, bado haijakaa sawa katika besi. Tuna wiki tatu. Nyimbo zitakaa sawa. Hili lingine nalo linahitaji wiki tatu, labda zaidi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na matangazo, maana katibu ni katibu.

Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, tunakutana hapa kanisani kwenda kwa dada yetu. Mazoezi ya siku hiyo yatafanyika uani kwake, mwalimu amekubali, dirisha la chumba cha mama litafunguliwa. Tusiende zaidi ya ishirini, nyumba ni ndogo, na majirani wana watoto wachanga. Tafadhali msibebe keki. Wanaohitaji kubebwa ni sabuni ya mche, glavu, nepi za watu wazima saizi ya kati, na unga wa wimbi. Joho liko kwangu kabatini, namba 17. Nitakwenda nalo.

Muuguzi amekubali kutufundisha jinsi ya kumgeuza mgonjwa bila kuumiza mgongo wake wala wetu. Akina baba, hili ni lenu pia, kumgeuza kunataka nguvu. Baada ya hapo tutashika zamu za usiku ili dada apate kulala. Nimebandika karatasi mlangoni, mkitoka mtaiona. Kasisi ameandika jina lake Jumatatu, mwenyekiti na mkewe Ijumaa. Jumatano usiku bado haina mtu.